Nani Atamwulizia Mtoto Wetu?

Msikilizaji, Oktoba 7, 2023, vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kwa mafunzo ya kilimo walikumbwa na shambulio la Hamas karibu na mpaka wa Gaza. Kifo cha mmoja kilithibitishwa Novemba. Desemba ikajulikana kwamba wa pili naye aliuawa siku ileile na mwili wake ukachukuliwa Gaza. Ulirudishwa Novemba 2025. Zaidi ya miaka miwili wazazi wake walikaa bila kaburi la mtoto wao.

Hakuna balozi ambaye angewaokoa vijana wale, walikuwa wameshauawa. Lakini kwa wiki kadhaa sisi tuliamini ni mateka, na ndizo wiki ninazotaka tuziangalie.

Raia wa Thailand zaidi ya 30 walitekwa siku hiyo, wengi wao vibarua wa mashambani. Serikali yao haikuiachia Israeli peke yake kazi ya kuwaombea. Spika wa bunge, Wan Muhamad Noor Matha, Mwislamu wa kusini mwa nchi ile, alituma ujumbe Tehran, na Oktoba hiyohiyo wajumbe wakaketi na watu wa Hamas uso kwa uso. Waziri wa mambo ya nje naye akaenda Qatar na Misri. Novemba 24, siku ya kwanza ya kusitishwa mapigano, Wathai 10 waliachiwa, nje kabisa ya makubaliano ya Israeli na Hamas ya kubadilishana mateka na wafungwa. Wengine wakafuata siku zile zile. Watano walisota hadi Januari 2025.

Thailand ilimtumia mtu ambaye upande wa pili ungekubali kumsikiliza. Nasi tunao watu wa namna hiyo. Tuna ubalozi Tel Aviv tangu 2018, Wapalestina wana ubalozi Dar es Salaam, tuna masheikh na wanadiplomasia wastaafu wanaoheshimika Uarabuni. Watu hawa hawatafutwi siku ya msiba.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu: kabla kijana hajapanda ndege kwenda kusoma au kufanya kazi penye vita, Wizara ya Mambo ya Nje iwe inajua nani atapigiwa simu Doha na nani Cairo. Na likitokea la kutokea, familia ipewe ofisa mmoja, kwa jina na namba yake, atakayempigia mama mzazi kila siku, hata siku ambayo hana jipya la kumwambia.