Besi ya Wufa na Masikio ya Mtoto

Leo tutazungumza juu ya kitu kilichoingia katika nyumba zetu nyingi, lakini ambacho hatukihesabu kuwa jambo la afya. Nacho ni wufa, yaani ile spika kubwa ya besi inayouzwa pamoja na spika ndogo za kuzungushwa chumbani.

Tuchukue mfano. Mama amejifungua miezi 3 iliyopita. Familia inaishi katika chumba kimoja cha mabati, futi 10 kwa 10. Baba amejinyima akanunua wufa na spika zake 5, ili watu wa nyumbani wafurahie sinema na mpira. Wufa imewekwa kwenye kona karibu na kitanda, kwa sababu nafasi ni hiyo tu. Usiku sinema ikianza, vikombe vinatetemeka kabatini. Mtoto anashtuka, analia, ananyonya kidogo, analala, kisha anashtuka tena. Mama anajiuliza, "Je, sauti hii inamdhuru mtoto wangu? Na nikisema, si nitaonekana ninaharibu raha ya nyumba?"

Mama, swali lako ni la haki. Hebu tulijibu polepole.

Kwanza, besi ni sauti ya namna gani? Ni sauti nzito inayosafiri kwa mawimbi marefu. Wimbi la besi linaweza kuwa na urefu wa mita 7, na chumba chetu kile hakifiki hata mita 4. Ndiyo maana pazia, mlango wa mbao au ukuta wa mabati hauwezi kuizuia. Ukiwa kwa jirani husikii maneno ya wimbo, bali unasikia "du, du, du" peke yake.

Pili, sikio la binadamu halisikii sauti nzito sana kwa wepesi kama linavyosikia sauti ya mtu akizungumza. Kwa hiyo mtu hupandisha sauti ili besi "iingie vizuri". Hapo ndipo hatari inapokuja, kwa sababu kitufe kikubwa kinapandisha spika zote, pamoja na zile ndogo zenye sauti nyembamba inayoumiza sikio haraka zaidi. Ndani ya sikio mna vijinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikiharibika kwa kelele, havioti tena. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika sauti ya desibeli 80. Kwa watoto, kiwango cha saa hizo hizo ni desibeli 75.

Huenda huna kipimo, lakini unayo njia rahisi. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako, mzungumze kama kawaida. Mkilazimika kupaza sauti ndipo msikizane, kelele hiyo imezidi, hata kwenu ninyi watu wazima.

Tatu, mtoto mchanga anahitaji usingizi ili akue, na anahitaji kusikia maneno yako ili ajifunze kusema. Kelele inayofunika sauti yako inamnyima somo hilo. Wewe ukikerwa unaweza kutoka nje ukapunge upepo. Mtoto hawezi.

Wengine husema, "Huyu amezoea, analala hata wufa ikinguruma." Mama, sikio halizoei kelele kama mguu unavyozoea kiatu. Mtoto kulala si ushahidi kwamba yuko salama. Na kama hashtuki kamwe, hata mlango ukibamizwa ghafla akiwa macho, mpeleke kliniki akachunguzwe.

Sasa tufanye nini? Hatusemi wufa iuzwe. Fanya hivi:

Iondoe kwenye kona. Kona mbili za ukuta huongeza besi, hata kama hujagusa kitufe. Isogeze kidogo tu, nawe utasikia tofauti.

Usiiweke juu ya kabati wala kuiegemeza kitandani. Iweke chini, juu ya kipande cha mpira au ndara kuukuu, ili mtetemo usipite kwenye mbao na sakafu.

Punguza kitufe cha besi, kisha punguza sauti yote. Usiku, ikiwezekana, zima wufa kabisa, mbaki na sauti ya televisheni.

Mlaze mtoto mbali na spika, na kichwa chake kisiwe kwenye kona, kwa kuwa besi hukusanyika huko pia.

Usimtie mtoto pamba wala mafuta masikioni. Pamba haizuii besi, na inaweza kusukumwa ndani ikakwama.

Na wewe mama mjamzito, mtoto husikia akiwa bado tumboni. Mwili wako hupunguza sauti nyembamba, lakini sauti nzito hupita. Muziki wa kawaida usikutie hofu, ila usikae umeegemea wufa.

Kuhusu kuzungumza na baba, usingoje usiku mkiwa mmekasirika. Mchana, mkiwa mmetulia, mwambie, "Baba watoto, seti yako ni nzuri na sote tunaifurahia. Mtoto anashtuka usiku. Tuisogeze pamoja tuone." Mwache yeye mwenyewe ashike kitufe. Akisikia kwamba maneno ya sinema yanasikika vizuri zaidi besi ikipungua, hutahitaji maneno mengi.

Ikiwa kelele inatoka kwa jirani, anza kwa hodi na salamu. Ikishindikana, mwone mwenye ploti au mzee wa mtaa. Sheria pia ipo. Kanuni za kelele zilizotolewa nchini mwaka 2009 zilihesabu usiku kuwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na zikataka kelele katika makazi ishuke wakati huo.

Kabla sijawaaga, angalieni dalili hizi. Mtoto wa miezi 6 asiyegeuka kutafuta sauti. Mtoto wa mwaka mmoja asiyeitikia jina lake, au asiyejaribu kutamka "ba-ba" au "ma-ma". Msingoje wala msiseme atachangamka baadaye. Chukueni kijitabu cha kliniki, mwende kituo cha afya kilicho karibu.

Basi, leo jioni kabla sinema haijaanza, isogezeni wufa, mpunguze besi, kisha msikilize mtoto anavyopumua usingizini. Hadi wiki ijayo, kwaherini na mbaki na afya njema.