Mtoto na Kasma ya Halmashauri

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani, mweka hazina mstaafu wa halmashauri za wilaya, katika mkutano wa mwaka wa chama chetu.)



Katibu aliponiandikia barua alinitaka nieleze mafanikio ya wanafunzi wa zamani katika utumishi wa umma. Mafanikio yanajieleza yenyewe. Wenye nayo wamekwisha yaegesha pale uwanjani muyaone. Mimi maisha yangu nimefanya kazi moja, kuhesabu fedha za halmashauri, tangu nilipoajiriwa karani mwaka 1986 hadi nilipostaafu. Kwa hiyo nitazungumza juu ya fedha. Lakini ni fedha za jambo ambalo watu wa hazina hatulizungumzi sana, nalo ni kuwakinga watoto na ukatili kabla haujatokea.

Nianze na hesabu. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa kwanza wa taifa zima juu ya ukatili dhidi ya watoto nchini Tanzania, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Waliulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Wasichana karibu 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana, 1 katika kila 7. Karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepata kipigo cha ngumi, mateke au viboko. Ni hesabu ya miaka mingi iliyopita, lakini watoto wa wakati ule leo ndio baba na mama.

Vijana, nyuma huko mmejaa safu nyingi. Gawanyeni kwa saba. Nanyi wazee mlio mbele, msidhani hesabu hiyo inaziruka safu zenu. Katika wavulana waliotendewa, ni theluthi moja hivi tu waliopata kumweleza mtu yeyote. Wasichana walieleza zaidi, kama nusu yao. Sisi wanaume tumefundishwa kunyamaza, na shule za bweni za wavulana zilitufundisha vizuri kuliko mahali pengine popote.

Jambo moja katika uchunguzi ule lilinigusa kama mtu wa mipango. Wasichana waliulizwa ni wapi yalitokea. Karibu nusu ya matukio yalitokea ndani ya nyumba ya mtu. Karibu robo yalitokea njiani, kwenda shule au kutoka shule. Basi hayo si mambo ya pepo wala bahati mbaya. Njia inajulikana, nyumba zinajulikana, saa zinajulikana. Jambo linalojulikana mahali pake na saa yake linaweza kupangiwa kazi, na kazi ikipangwa inataka fedha.

Sasa, ni kazi ya nani? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuacha utata. Kifungu cha 94 kinaipa serikali ya mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Kifungu cha 95 kinamtaka kila mwananchi mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa apeleke habari hiyo kwenye serikali ya mitaa. Yaani sheria imemwambia jirani: nenda halmashauri. Na halmashauri imeambiwa: mpokee.

Baadaye ukaja Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ambao wengi huuita MTAKUWWA. Awamu yake ya kwanza ilikuwa ya 2017/18 hadi 2021/22, na ya pili imepangwa kuanzia 2024/25 hadi 2028/29. Mpango huo uliunda kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia taifa, mkoa, halmashauri na kata hadi kijiji na mtaa. Kwa karatasi, hakuna kitongoji nchini kilicho mbali na kamati hiyo. Nimeziona nyingi. Zina mwenyekiti, zina katibu, zina daftari. Zisichokuwa nacho ni nauli.

Hapo ndipo napenda nikae kidogo, maana ndipo ninapopafahamu.

Katika halmashauri moja ambayo sitaitaja, Afisa Ustawi wa Jamii alikuja dirishani kwangu saa tano asubuhi. Kijiji kimoja, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki, kilikuwa na mtoto aliyenajisiwa. Mtoto alitakiwa afikishwe hospitali siku ile ile, na fomu ya polisi namba 3 ijazwe kabla ushahidi haujapotea mwilini. Yule bwana aliomba mafuta ya pikipiki na nauli ya mama na mtoto. Nilifungua kitabu. Kasma yake ilikuwa na jina zuri, lakini tangu mwaka wa fedha uanze ilikuwa haijaingiziwa hata senti. Makarani wawili, dereva na mimi tulitoa mfukoni, yule bwana akaenda. Sisemi haya ili tusifiwe. Kila aliyewahi kukaa nyuma ya dirisha la hazina ana kisa chake kama hiki. Nasema kwa sababu wilaya yenye watoto maelfu kwa maelfu haiwezi kulindwa kwa mchango wa makarani, tena wa tarehe 20 ya mwezi.

Na hapo mambo yalikuwa yamekwisha haribika. Kuzuia hakupati hata huo mchango, maana hakuna anayekuja dirishani akilia kwa ajili ya jambo ambalo bado halijatokea. Mikutano ya wazazi juu ya malezi, mabaraza ya watoto, mwalimu wa unasihi kupewa mafunzo, mabweni kwa wanaotembea mbali, kamati ya kata kuzipitia njia za shule na kuuliza mbona pale kwenye magugu hapakufyekwa: yote hayo huandikwa katika makadirio mwezi Januari, na ukomo wa bajeti unapobana huwa ya kwanza kufutwa. Hayana wa kuyatetea katika Kamati ya Fedha. Barabara ina diwani wake, zahanati ina diwani wake.

Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa na wafadhili. Mashirika yalikuja na magari, yakaendesha semina, yakalipa posho, yakafanya na mengi ya maana, nisiwadhulumu. Lakini Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika lao la misaada, USAID, likaacha kazi hiyo. Kazi yoyote iliyotegemea mfuko wa mtu mwingine ilijifunza wiki ile kwamba mfuko una mwenyewe.

Ndugu zangu, mtasema halmashauri hazina fedha. Ni kweli kwa kiasi chake. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na tangu zirudi hazijashiba. Kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee waliikimbia porini mgambo alipotokea, ilifutwa mwaka 2003, wala siilili. Kilichobaki ni ushuru wa mazao, leseni, ada za masoko na vijito kama hivyo, na sehemu kubwa ya bajeti ni ruzuku ya Serikali Kuu yenye maelekezo yake tayari.

Lakini mhasibu mzee huangalia ni lipi linalolipwa hata katika mwaka wa njaa. Nitawatajia mawili.

La kwanza ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Zamani ilikuwa agizo tu, na maagizo hupita. Mwaka 2018 ikaingizwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikafufuliwa mwaka 2024. Ina dosari zake, na wakaguzi wamezisema. Hata hivyo hakuna mkurugenzi anayethubutu kuipeleka bajeti barazani bila mstari ule.

La pili ni lishe. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia sahihi mkataba wa kusimamia lishe, na tarehe 30 Septemba 2022 wakatia mwingine mbele ya Rais, wa hadi mwaka 2030. Kipimo chake mtoto wa darasa la nne anakielewa: halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Idadi ya watoto inajulikana, zidisha kwa elfu moja, jibu ndilo deni lako. Mkuu wa mkoa anauliza umetenga ngapi na umetoa ngapi, na maana ya swali hilo la pili anaifahamu kila mweka hazina. Kutenga ni wino. Kutoa ndiyo fedha.

Ulinzi wa mtoto una sheria, una mpango wa taifa, una kamati hadi kijijini. Hauna tarakimu. Hilo ndilo neno nililokuja nalo leo. Mahali penye asilimia 10, fedha hutoka. Mahali penye shilingi 1,000, fedha hutoka. Mahali palipoandikwa "kwa kadiri hali itakavyoruhusu", hali hairuhusu.

Wala hili si jambo la kwetu peke yetu. Huko Florida, Marekani, katika kaunti ya Pinellas, watu walichoka kuona huduma za watoto zikipewa makombo ya bajeti. Mwaka 1945 wakapata sheria maalumu ya jimbo lao, na mwaka 1946 wapiga kura wenyewe wakakubali kodi ya mali kwa ajili ya watoto tu, isiyochanganywa na barabara wala polisi. Mwaka 1986 sheria ya jimbo ikaziruhusu kaunti nyingine kuunda mabaraza ya namna hiyo. Nakubali kwamba ni nchi tajiri, na sisi halmashauri haiwezi kuamka asubuhi ikabuni kodi. Ninachokipenda hapo ni kule kuipa fedha ya mtoto jina lake, ili anayeichukua aonekane ameichukua.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Chukueni halmashauri ya mfano yenye mapato ya ndani ya shilingi bilioni 2 kwa mwaka, na kata 20. Nusu ya asilimia 1 ni milioni 10. Gawanya kwa kata, kila kata ina 500,000 kwa mwaka, yaani 125,000 kila robo. Najua mtu atacheka. Asicheke haraka. Fedha hiyo inatosha nauli na chai ya kamati kukutana, mafuta ya kufika kijiji cha mbali, na mkutano mmoja wa wazazi shuleni. Ikibaki kidogo, ni nauli ya shahidi kwenda mahakamani, maana kesi nyingi hufa kwa sababu shahidi hakuwa na nauli. Halmashauri ileile inatenga milioni 200 za mikopo, nami siombi hata shilingi moja iondolewe humo.

Chumba hiki kina madiwani, tena nawaona wanne. Kina maafisa mipango, kina wakurugenzi wawili wastaafu na mmoja aliye kazini, ambaye ameanza kuangalia saa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini Julai mlango umekwisha fungwa. Makadirio hushonwa Desemba na Januari. Nawaombeni jambo hili kabla ya hapo: katika Baraza la Madiwani litajwe kiwango, kwa asilimia au kwa shilingi kwa kila mtoto, na kila robo mwaka taarifa iseme kilichotengwa na kilichotolewa. Wengine tuliorudi vijijini, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Mnyooshe mkono muulize kamati ya ulinzi imepewa nini.

Nanyi vijana, hamna kura bado, wengi wenu. Lakini iko simu namba 116, ya watoto, isiyolipiwa. Iandikeni mahali. Yule mwenzenu anayetaka kusema asipewe jina la utani. Nakumbuka majina tuliyopeana hapa, na mengine hayakuwa mzaha.

Ndugu Mwenyekiti, nimeandika kwenye karatasi moja mfano wa kasma hiyo jinsi inavyoweza kuingizwa katika makadirio, pamoja na hesabu ya kata 20. Nakala 60 ziko mezani kwa Katibu, karibu na daftari la mahudhurio. Madiwani wachukue kwanza.