Swali Lililobaki Mdomoni

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye futari ya vijana)

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu vijana: adhana i karibu na harufu ya viazi vya karai yanifikia mpaka hapa, kwa hivyo sitawaweka sana.

Yuko kijana aliyejua jawabu akanyamaza. Ni Abdullahi bin Umar, radhi za Allah ziwe juu yake na babake. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba: ni mti gani usiopukutika majani, ambao mfano wake ni Muislamu? Fikira za watu zikaenda kwenye miti ya nyikani. Abdullahi moyoni alijua ni mtende, lakini akawatazama waliokaa pale, akajiona mdogo wao, akaona haya. Mtume (s.a.w.) akalitoa jawabu mwenyewe. Baadaye alipomweleza babake, Sayyidna Umar hakumsifu kwa kunyamaza. Alimwambia lau angelisema, ingemfurahisha kuliko kadha wa kadha.

Kisa hiki hunijia kila linapotajwa jina la Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany. Alizaliwa Matondoni, Lamu, mwaka wa 1927, akafariki 2017. Ukisema "runinga" unatumia neno lake: alichukua rununu na maninga, yaani macho, akayaunga. (Vijana wengi hapa walidhani neno hilo lilitoka Nairobi. Wallahi nimewauliza!) Alilelewa katika ushairi na bibi yake, Amina Abubakar Sheikh, ambaye pia alitunga, na mwaka wa 1972 wawili hao walitoa pamoja chapa ya Utendi wa Mwana Kupona. Kisha akatunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa 1979, juu ya chombo cha Lamu, na Umbuji wa Mnazi, 1985. Huyu hakutunga ili asifiwe sauti. Alikuwa akiweka akiba: majina ya mbao, ya kamba, ya sehemu za mnazi, maneno ambayo kijana wa leo akiyasikia humuuliza mwenzake, "Hiyo ni lugha gani?"

Mimi nilikutana naye mara moja tu, Mombasa. Nilimpa mkono, akaitikia salamu. Watu wazima walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na lake, na zamu yangu haikufika. Swali langu lilikuwa dogo: katika maneno aliyofundishwa na bibi yake, ni yapi hakuyapatia nafasi kwenye tungo? Maanake kitabuni twapata yaliyoingia. Yaliyobaki nje alikuwa nayo yeye kifuani. Miaka yote hii najuta swali lile, na hakuna wa kumpelekea. Vitabu vyake ninavyo rafuni, lakini kitabu hukiulizi kikakujibu.

Twaambiwa kunyamaza mbele ya mkubwa ni adabu. Ndiyo, kumkatiza mtu ni utovu wa adabu. Lakini kusubiri amalize, ukaamkia, ukauliza, hiyo nayo ni adabu, tena mzee huifurahia. Nani asiyependa kuulizwa anachokijua?

Mnamuona yule mzee aliyekaa karibu na mlango, mwenye kofia ya vito? Ameunda majahazi tangu ujana wake. Nimemuomba asiondoke mara tu baada ya Tarawehe, naye amekubali. Kahawa ipo, na tende zitabaki inshaallah.