Sindano ya Mishipa ya Miguu



Nimeombwa niseme nanyi juu ya mishipa ya miguu, ile inayovimba na kujipinda chini ya ngozi mithili ya mizizi ya mti. Nasema "ya miguu" kwa makusudi, maana mtu akisikia "mshipa" tu huenda akadhani ninanena ngiri, na hayo ni maradhi mengine kabisa.

Damu iliyoshuka miguuni haina budi kupanda tena hadi moyoni. Ndani ya mishipa inayoirudisha mna vilango vidogo vifungukavyo kuelekea juu tu. Vilango vikilegea, damu hurudi chini na kutuama, na mshipa hutanuka. Maradhi haya humpata sana mama aliyezaa mara nyingi, na mtu asimamaye kutwa, kama auzaye sokoni. Wengine huyarithi kwa wazazi. Hakuna aliyekanyaga dawa ya adui.

Tiba mojawapo ni sindano. Daktari hutia dawa ndani ya mshipa mbovu wenyewe. Dawa huuwasha ukuta wake wa ndani, pande zake zikashikamana, na mshipa ukafungwa. Baadaye mwili huunyonya polepole. Mguu hufungwa bendeji ya kubana, na mgonjwa huamriwa atembee, asikae kitandani. Njia hiyo ilienezwa na daktari George Fegan wa Dublin, katika Ireland, miaka ya 1960.

Mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, mkiufunga mshipa, damu itapita wapi?" Swali hilo lina busara kuliko mengi niliyoyasikia ofisini. Iko mishipa mikubwa zaidi ndani ya nyama ya mguu, nayo ndiyo ichukuayo sehemu kubwa ya damu. Kwa hiyo daktari huipima hiyo kwanza. Ikiwa imeziba, sindano haifai. Mwenye mimba naye husubiri hata ajifungue. Tena, mishipa mingine yaweza kuvimba baadaye.

Basi msimpe mguu mtu apitaye sokoni na mfuko wa sindano. Dawa ikimwagika nje ya mshipa yaweza kuozesha nyama. Nendeni hospitali ya Malava, mkaulize kama yafaa mpelekwe Kakamega.

Na mshipa ukipasuka, damu ikaruka, mlazeni mgonjwa chini, inueni mguu wake juu, mbonyeze jeraha kwa kitambaa safi, wala msiufunge kamba juu ya goti. Ndipo mtume mtu akatafute gari.