Ndege wa Safari na Watumishi Waliowalinda



Tumetakiwa jioni hii tuseme machache juu ya jinsi serikali ya Marekani ilivyoanza kuwalinda ndege. Huenda mtu akauliza, yatuhusu nini sisi watu wa kalamu na faili? Yatuhusu, kwa kuwa habari yenyewe ni ya watumishi.

Zamani hizo mabibi wa New York na London walipenda kofia za manyoya, na manyoya ya yangeyange yaliuzwa ghali kuliko dhahabu ya uzani ule ule. Yaliyo mazuri huota majira ya kutaga na kulea. Basi akiuawa mzazi, makinda hufa njaa kiotani. Mwaka 1900 ilitoka sheria ya Lacey, ikikataza kuvusha toka jimbo hata jimbo wanyama na ndege waliouawa kinyume cha sheria. Tarehe 14 Machi 1903 Rais Theodore Roosevelt alikitenga kisiwa kidogo cha Pelican, huko Florida, kiwe makao ya mwari. Lakini fedha ya mlinzi haikuwamo. Paul Kroegel, mwunda mashua, aliikubali kazi kwa dola moja kwa mwezi, nayo ilitolewa na wapenda ndege, si hazina ya serikali. Sisi tuijuao orodha ya mishahara tusicheke.

Guy Bradley, mlinzi wa kusini mwa Florida, alipigwa risasi tarehe 8 Julai 1905 alipokwenda kuwakamata wawindaji wa manyoya. Aliyempiga alijisalimisha mwenyewe, wala hakufikishwa hukumuni. Bradley aliacha mjane na watoto wawili.

Hata hivyo ndege wa safari hana jimbo: hutaga Kanada, akakimbilia kusini baridi ikiingia. Kwa hiyo mwaka 1916 Marekani ilifanya mapatano na Uingereza kwa niaba ya Kanada, na mwaka 1918 ikatungwa sheria ya kuyatimiza. Jimbo la Missouri likamshtaki mlinzi wa serikali kuu, Ray Holland, likidai kwamba ndege waliomo mipakani mwake ni haki yake. Mwaka 1920 Mahakama Kuu, majaji 7 kwa 2, ikalikatalia; maana mpita njia hawezi kuhesabiwa mali ya nyumba aliyolala usiku mmoja.

Njiwa wa kuhama, ambao makundi yao zamani yalitia giza mchana, hawakuyaona mapatano hayo. Wa mwisho wao, aitwaye Martha, alikufa kizimbani Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914.