Chakula, Sindano na Saumu ya Mgonjwa wa Kisukari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi Waislamu, leo twazungumza juu ya maradhi yaliyomo katika baadhi ya nyumba zetu, nasi twayasitiri kana kwamba ni aibu. Ni kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata hasa watoto na vijana. Katika maradhi haya askari wa mwili, waliowekwa kutulinda na vijidudu, hukosea adui wakaziteketeza chembe za kongosho zitengenezazo insulini. Pasipo insulini, sukari hubaki katika damu na mwili hauipati. Mtoto hula na huku akikonda, hunywa maji na kiu isimtoke, hukojoa usiku kucha. Hakuna aliyemroga, wala si peremende alizokula.

Kabla ya mwaka 1922 mtoto wa namna hii alinyimwa chakula ili aishi miezi michache zaidi. Tiba ilikuwa njaa. Januari ya mwaka huo, mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 alidungwa insulini, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwayo.

Twayakumbusha hayo kwa sababu wako wanaomwambia mzazi: acha sindano, mpe mtoto ugali wa uwele na majani ya mlonge, atapona. Ndugu zetu, chakula peke yake kilikwisha kujaribiwa, na watoto wakazikwa. Binti wa Kibakwe akikatishwa sindano, damu yake huchacha, naye aweza kufa katika siku chache. Madaktari wa Muhimbili waliowafuatilia wagonjwa wa kisukari zaidi ya 1,200 kati ya mwaka 1981 na 1987 waliyaona mauti ya namna hiyo. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama watumie dawa, aliwaamuru watumie. Na anayeogopa kwamba insulini yatokana na nguruwe, na ajue kwamba tangu mwaka 1982 inauzwa insulini isiyotoka kwa mnyama yeyote.

Hata hivyo chakula si jambo dogo. Uwele na mtama wa kwetu ni vyakula vyema, lakini navyo ni wanga, na wanga wote huishia kuwa sukari katika damu. Kwa hiyo lililo kubwa ni kipimo: bakuli lile lile, saa ile ile, likiandamana na sindano. Ugali wa dona wenye kunde na mlenda huipandisha sukari polepole kuliko uji mwepesi wa sembe. Chai iwe haina sukari, na hapa twawaomba akina baba waanze wao. Mama asimpikie binti chungu cha peke yake akamtenga na wenzake. Nyumba nzima ile chakula hicho, maana hakimdhuru aliye mzima.

Ikifika miezi ya njaa kabla ya mavuno, na chakula kikapungua, sindano isiachwe. Mzazi aende kituo cha afya aulize kiasi chake. Asiye na jokofu aiweke insulini ndani ya mtungi wa udongo uliolowa maji, kivulini. Dawa yenyewe isilowe. Binti akitetemeka, akatoka jasho na kupotewa na maneno, sukari imeshuka: apewe upesi maji ya sukari au asali. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe kwa mganga wa hospitali.

Sasa tufikie Ramadhani, maana hapa ndipo tunapokosea zaidi. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Wanavyuoni wamebainisha kwamba asiyetarajiwa kupona humlisha maskini kwa kila siku aliyokula. Wako wanaoweza kufunga, lakini kwa shauri la daktari, na kwa kuipima damu mara kwa mara. Wanavyuoni wengi wamesema kuchomwa kidole au sindano ya insulini hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 3.9, afungue papo hapo, hata kama jua limebakiza dakika kumi kuzama.

Twajua binti huyo hufunga kwa siri. Shuleni wenzake humtazama, na nyumbani bibi huuliza kwa nini mkubwa mzima anakula mchana. Basi, enyi wazazi, jibuni ninyi kabla hajajibu yeye. Mwekeeni chakula chake mchana mezani, si nyuma ya mlango, na mbele ya ndugu zake mwambieni kwamba anaitumia ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na uwape wanaowapikia subira. Amin.