Namba ya siri haiombwi



Mwezi wa 3 mwaka 2020, wakati Corona iliingia Kongo, mipaka ilifungwa. Sisi wenye tulirudi Kalemie tulibakia na telefone tu kwa kupata habari na feza. Wezi walijua ivyo. Mwezi wa 4, OMS ilionya kama kuna watu wanaojifanya OMS. Google ilisema inazuia kila siku barua milioni 18 za udanganyifu zenye kutaja Corona.

Mwizi huyo havunji mlango. Anasema: "Mama, jina lako limetoka kwa musaada. Leza namba ya siri sasa hivi." Haraka hiyo ndiyo mtego. Mwenzetu mmoja alipoteza feza za mabati, akanyamaza kwa haya. Kisha jirani yake naye akanaswa.

Basi tumepatana: ukisikia haraka, kata simu, uende kwa miguu kuuliza komite. Musaada wa HCR ni bure. Chama hakitakuomba namba ya siri hata siku moja. Wafadhili, mukipata namba mpya kwa jina letu, musitume kitu. Mutupigie kwanza kwa ile ya zamani.

Na mwenye amedanganywa aseme. Hatutamucheka.